Plagi Uliyoichomoa, Kaka

Kaka yangu Sitta, uliyejichimbia Dar,

Salamu sina. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za faragha huzijibu.

Unakumbuka gari lilivyoingia kijijini kwetu Dutwa? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, pamba imeanza kununuliwa na watu binafsi. Ukawa wakala wa mmoja wao, ukarudi na gari dogo jeupe lililotumika Japani. Nilikupenda sana siku ile. Ulinipakia mbele na gauni langu la kanisani, ukanizungusha mnadani, nikajiona mtu. Jioni ukazima gari, ukachomoa ufunguo, na chini ya boneti kitu kikaendelea kuvuma. Watoto wakatimua mbio. Shangazi Minza, dada yake baba, akacheka: "Limelala, lakini bado linapumua."

Ilikuwa feni ya rejeta tu. Gari likizimwa likiwa la moto, feni ya umeme inaendelea kulipoza mpaka joto lishuke. Lakini wewe ulizoea malori, ambayo feni yake huzungushwa na mkanda wa injini, ukaamua hii ni mwizi wa betri. Kila jioni ukawa unachomoa plagi yake, asubuhi unaichomeka. Nikakuambia, "Kaka, ipo siku utasahau." Ukanijibu, "Wewe kapike."

Siku uliyosahau kuichomeka ndiyo siku baba alipobanwa na kifua. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, tukashika njia ya hospitali ya Bariadi. Barabara ilikuwa tope tupu, tukawa tunajikokota nyuma ya mikokoteni ya ng'ombe, na hatukufika mbali mvuke ukafumuka. Ukaongeza maji. Ukagongagonga rejeta. Ukainama kutafuta mkanda wa feni ambao haukuwepo. Baba alikata roho palepale, tukingoja injini ipoe. Nikashuka nikilia, nikaiona plagi inaning'inia. Nilipoichomeka, feni ilizunguka papo hapo, ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Nilikuona umeelewa. Ukasema, "Funga mdomo wako."

Sisemi ulimuua baba. Kusahau ni ubinadamu, na pengine hata hospitali ingeshindwa. Hilo ningekusamehe.

Lakini msibani, wazee walipouliza gari zima limekufaje njiani, ukamnyooshea kidole shangazi. Ukasema ndiye aliyelitamkia lile neno la kupumua. Ukawaonyesha macho yake mekundu, eti ya mchawi, macho ya mwanamke aliyepikia moto wa samadi maisha yake yote, na ugali uliokukuza ulitoka kwenye moshi huohuo. Nilisimama nikaitaja plagi. Ukauliza, "Huyu naye amekuwa fundi lini?" Watu wakacheka. Shangazi aliondoka na shuka moja, matanga hayajaanuliwa, kwa sababu vijana walishaanza kunoa mapanga. Wewe uliwaona wakinoa, Sitta. Ulikuwa umekaa pale pale, unakunywa uji.

Nilimfuata nikamchukua, na mpaka leo yuko kwangu Lamadi. Sasa hainuki kitandani. Ameomba jambo moja, azikwe Dutwa ubavuni mwa kaka yake. Nimekwenda kwa ukoo, wamekataa. Wanasema mji ni wako, na neno ulilolisema wewe hawezi kulifuta mwanamke.

Nimekasirika. Shangazi hata hasira hana, na hilo linaniudhi kuliko yote. Majirani wakimjulia hali anaitikia, "Mhola duhu," salama tu, kama mtu aliyekuja kutembea na kesho anarudi kwake.

Panda basi uje. Kaa mbele ya ukoo useme maneno matatu: plagi niliichomoa mimi. Yaseme angali na masikio ya kuyasikia. Akifariki kabla hujafika, nitampakia mimi nimpeleke Dutwa, na jembe la kwanza kaburini nitalipiga mwenyewe. Atakayetaka kunizuia aanze na mimi.

Kwaheri, mpaka nikuone uso kwa uso.

Mimi dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja.