Picha Ile Ile

Chumba cha nyuma, dukani kwa mama,
Jumapili jioni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Aliyekuletea barua hii mpe kwanza kiti na maji. Maswali yaje baadaye. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ukimwuliza atasema ni vumbi la vitambaa.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nawaogopa wateja wa mama. Ni wale wale wanaonisogezea nafasi kwenye benchi na kunisifu.

Jumamosi, wakingoja nguo zao, mimi huwasomea gazeti la udaku analonunua fundi viatu wa jirani. Nilikuwa nafurahi. Darasani nikiitwa nasimama nikitazama viatu, lakini pale hata cherehani ya mama hunyamaza.

Wiki iliyopita ukurasa wa kwanza uliandikwa, "Mwizi wa watoto yuko kati yetu." Palikuwa na picha ya mwanamke aliyefunikwa macho kwa mstari mweusi. Jina hakuna, mtaa hakuna, ni "chanzo chetu" tu. Nilidhani wangekasirika kwa kuuziwa hewa. Kumbe ile nafasi tupu ndiyo waliyoinunua, wajaze wenyewe.

"Hebu lete hapa," akasema fundi viatu. "Shingo hii si ya Mama Kimya?"

Unamjua, Shangazi, mlisoma darasa moja. Ndiye anayemshonea mama vifungo, na anaishi peke yake nyumba ya kona. Hakuwepo. Jumamosi hupeleka nguo za wateja mjini.

"Ndiyo maana haongei!" akadakia mteja mmoja.

"Na zile pipi anazogawa? Mtu hana mtoto, pipi za nini?"

"Jamani, mwogopeni Mungu," mama akasema. Wakacheka. Wakaniambia, "Mwalimu, rudia pale pa shingo."

Hapakuwa na pa shingo.

Tangu siku hiyo akipita, watoto wanavutwa ndani. Jumatano mtu alichora alama ya chaki mlangoni pake. Mwenyewe aliifuta kwa upindo wa khanga, akidhani ni michezo ya watoto.

Ijumaa nilikuwa nampangia mama karatasi za kukatia nguo. Unajua huzitengeneza kwa magazeti ya zamani. Kwenye karatasi ya mkono wa shati nikaona picha ile ile: mwanamke yule yule, mstari ule ule, gazeti lile lile, toleo la mwaka juzi. Chini yake: "Atapeli wachumba watatu." Nilikaribia kupiga kelele kwa furaha. Gazeti lina sura moja, na huibandika popote linapokosa ushahidi.

Jana nikasimama mbele yao, nikatandaza mezani gazeti la wiki iliyopita na ile karatasi ya zamani, nikaeleza. Fundi viatu akazitazama, akatikisa kichwa.

"Kumbe alianza na utapeli."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza Mama Kimya hurudi na basi gani. Mwingine akamjibu. Wanaume wawili wakatoka bila kuchukua suruali zao.

Wanakusalimu mama na babu. Nisalimie mjomba na wale mapacha. Waambie hadithi zao bado naziandika. Mungu akulinde, na mlango wako uwe na komeo imara.

Nimalizie nilichofanya. Nilitokea mlango wa nyuma, nikakimbia hadi kituo kilicho kabla ya chetu, nikapanda basi lilipofika. Mama Kimya alikuwa amekaa dirishani, mfuko wa vifungo mapajani. Nikamwambia, "Mama, tushukie hapa." Hakuuliza. Tukashuka, tukapita uchochoroni, na tangu jana amelala kitandani kwangu. Leo fundi viatu alikuja na gazeti jipya. Nikamwambia sauti imenikauka. Kesho alfajiri mama atampandisha Mama Kimya gari la kuja kwako, na barua hii nitamtilia mkononi.

Mwanao akupendaye,
Msoma vitabu wako