Nilisema Mafuta ya Mjukuu Wangu Yananuka Gesi

Mshauri, sikuandikii kwa kupenda, nimekosa wa kumwambia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mafuta ya tangawizi nimeyapika miaka arobaini kwa mvuke na sufuria la shaba, na pua yangu wanaijua wanunuzi wote, wakibishana wanasema apelekewe bibi anuse, nikisema safi ni safi. Sasa mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, karudi masomoni na mashine ndefu kama friji la bucha, kapewa ya majaribio, akaiweka karakanani kwangu, akasema, "Bibi, hii haichemshi kitu. Inachukua hewa ya kaboni, hii tunayoitoa puani, inaibana kwa nguvu na kuipasha joto kidogo tu mpaka inakuwa si hewa si maji. Inapenya kwenye tangawizi kama hewa, inabeba mafuta kama spiriti."

Nikamwambia, "Kwa hiyo unapikia pumzi."

Akacheka, akanionyesha mitungi miwili, presha ikipunguzwa kidogo wa kwanza unabaki na uto mzito unaowasha, ikipunguzwa tena wa pili unabaki na mafuta mepesi yenye harufu, na hewa inarudi kuwa hewa, inaondoka zake bila kuacha kitu. Vyote viwili akavichanganya, akaniletea chupa mbili zisizo na alama, yangu na yake, nichague. Nikanusa, nikachagua, nikaweka tone kwenye ulimi, likawasha kama tangawizi iliyong'olewa sasa hivi. Nikasema moyoni, hii ndiyo yangu. Halafu nikakumbuka kwamba yangu haijawahi kuwasha hata siku moja, kumbe mvuke hauubebi ule ukali, unabaki kwenye makapi, na mimi miaka yote nawalaumu wakulima. Aibu ikanipanda. Mbele ya wafanyakazi nikaisukuma ile chupa nikasema, "Hii inanuka gesi."

Mtoto kaamini. Wiki tatu anafungua mashine na kufunga, kabadilisha mipira yote ya viungio, kamwandikia mtengenezaji wa vinywaji aliyekuwa akisubiri sampuli kwamba mafuta yana kasoro, na Ijumaa wenye mashine wanakuja kuichukua. Jana namwambia ale, ananijibu, "Bibi, mbona mimi siisikii hiyo harufu? Labda sina pua ya kazi hii." Nikikiri, nani ataiamini tena pua yangu? Nikisema nilikuwa na mafua haitoshi? Na usinifokee, mimi ni mkubwa kwako.

Bibi wa Tangawizi

*

Shikamoo, bibi. Heshima nimeitanguliza, sasa nakufokea.

Mafua hapana. Mwenye mafua hanusi kitu, wewe umenusa kisichokuwepo. Hata uongo wako wa pili haujaiva.

Aibu yako naielewa. Kulaumu wakulima miaka arobaini, halafu tone moja likuambie ukweli, si jambo dogo. Lakini umemfanya mjukuu wako aitilie shaka pua yake mwenyewe, na kwa kazi yenu hiyo ni kumtoboa fundi cherehani macho. Unauliza nani atakuamini? Yeye kakuamini kuliko vipimo vyake, ndiyo maana hajalala kwa ile mashine. Na pua yako haikukosea, ilichagua kilicho bora. Uliyekosea ni wewe.

Gazeti hili linatoka Jumatano na wafanyakazi wako wanalisoma. Usisubiri wamsomee. Wala usimwite chumbani ukamnong'oneze, ulimwaibisha mbele ya watu, basi nenda karakanani wakiwepo wote, weka ile chupa mezani, useme: "Nilidanganya. Haya mafuta hayanuki gesi. Niliyachagua nikidhani ni yangu." Kisha awapigie wenye mashine wasije, na yule wa vinywaji umpigie wewe mwenyewe, umwambie kasoro haikuwa ya mafuta. Sufuria lako liache jikoni. Wanaotaka harufu bila ukali wapo, tena wengi.

Ukishasema, nyamaza. Neno "lakini" litakuja lenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi. Limeze. Mwache aseme yeye kwanza, hata akikununia mpaka Ijumaa ipite.