Jina la Mama Langoni pa Bunge

Shubra, Kairo
20 Machi 1924

Mpendwa Mama Mdogo Bahiga,

Kabla ya salamu, pokea neno ambalo sijamwambia mtu: ni mimi niliyelitamka jina la Mama mbele za wanaume.

Sasa naibusu mikono yako. Hujambo na joto la Khartoum? Kifua cha Baba Mdogo kimetulia? Sisi miili ni mizima.

Unakumbuka mwaka wa maandamano, Mama alivyosimama juani na wenzake, wamezingirwa na askari wa Kiingereza. Baba alitamba mkahawani: "Watu wa nyumbani kwangu walikuwapo." Hata siku ile hakumtaja kwa jina; jina la mke, husema, halivuki mlango wa nyumba.

Jumamosi Bunge limefunguliwa. Baba alialikwa; wanawake hawakualikwa, ila labda wake za mawaziri. Sisi wasichana tukasimama langoni na mabango ya Kiarabu na Kifaransa, kudai wanawake nao wapate viti humo. Ya Kifaransa niliyaandika mimi, maana masista wa shuleni wamenipa mwandiko. Sauti, unanijua, sina.

Polisi mmoja akatucheka. "Mabibi wadogo, rudini mkachambue maharage. Baba zenu wanatosha humu."

Sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia, "Mama yangu Wagida alielekezewa bunduki kwa ajili ya nchi hii. Baba yangu alikuwa anakunywa kahawa."

Wanaume pale hawakuisikia bunduki. Walisikia jina. "Ehe, na Wagida hajambo?" Muuza ukwaju wa mtaani kwetu alikuwapo, akaenda kumuuliza mkewe Wagida ni nani. Jioni watoto wakaliimba chini ya dirisha letu, jina ambalo kaka Ragib amepigana shuleni miaka yote wenzake wasilijue.

Baba anaamini Mama alikwenda langoni akajitangaza mwenyewe. Amesema mke anayejulikana na wauza ukwaju hakai kwake. Kesho anamrudisha kwenu, mjini Tanta, kwa kaka yenu. Mama anajua ni mimi. Anakunja nguo zake tu. Nikifungua mdomo ananiambia, "Nyamaza, we mtoto. Atakutoa shule."

Walitutaka barabarani wakati wa risasi, Mama Mdogo. Wakati wa viti tumekuwa aibu.

Nisalimie Baba Mdogo, na Safinaz, na mdogo wake. Mola awafunike kwa rehema zake, asiwaonyeshe tunayoyaona.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Inaam

Nasikia kobazi za Baba ukumbini, anakuja huku. Tangu asubuhi kila mlango ukilia naisukuma karatasi hii chini ya mto. Sasa naiacha mezani. Ningeweza kuiandika kwa Kifaransa, asichokijua. Nimeiandika kwa Kiarabu.