Jina nililotupa mu wimbo wetu wa kwanza

Jumamosi. Mvua inanyesha Kasongo tangu alfajiri, ile mvua isiyo na hasira, inakaa tu kama mugeni asiyesema ataondoka lini. Leo ilikuwa siku yangu ya furaha. Naandika nikiwa na moyo muzito kama kitenge kilicholowa.

Wimbo wetu wa kwanza umetoka.

Nieleze kidogo, sababu kuna wengine wanapita hapa mara ya kwanza. Sisi ni bendi, tunaitwa Batri Mbili. Eliya anapiga kinanda cha umeme na kupanga ngoma za mashine, Saidi anapiga gita lenye sauti ya kukwaruza, na mimi naimba. Jina limetoka ku batri za pikipiki zinazotupa umeme. Zikichoka, muziki unakufa katikati, tunacheka, tunangojea jua. Hata ukurasa huu Eliya ndiye alinifungulia mu telefone, akisema muimbaji lazima awe na pahali pake pa kusema. Shule niliiacha mapema. Mukiona makosa, muyapite tu.

Watu wa hapa wanapenda rumba. Muziki wetu wanauita muziki wa friji. Asubuhi Eliya aliweka spika nje ya kibanda chake, pale anapochaji telefone za watu na kuwawekea nyimbo, na watu wakajaa chini ya bati wakikimbia mvua. Mimi nilisimama nyuma yao, mutoto wangu Mwamini mugongoni, nikiangalia visogo vyao kama vitaniambia kitu. Mama mumoja muuza mawese alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akamuuliza Eliya:

"Sasa sebene iko wapi? Munatuvalisha viatu, halafu hakuna kucheza?"

Sebene ni ile sehemu ya mwisho ya rumba, gita linapokimbia na watu wanacheza. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini baadaye yule mama alirudi, akatoa telefone yake, akaomba awekewe. "Ni ya mutoto wangu, si yangu," alisema. Hiyo ilinifurahisha kuliko sifa.

Sasa niseme ukweli. Mimi sikuimba kwa ajili ya Kasongo.

Bwana yangu alienda Salamabila kuchimba dhahabu nikiwa na mimba kubwa. Mwanzoni alikuwa anapiga telefone. Halafu namba ikanyamaza. Nilituma habari kwa mamotari, wale vijana wa pikipiki wanaopita Wamaza mpaka kule: kwamba nimejifungua, kwamba ni binti. Hakuna neno lililorudi. Mwamini sasa anasimama kwa kushika ukuta. Majirani wameanza kuniangalia na ile huruma ya kumuangalia mujane, na mimi si mujane.

Kwetu wimbo bila libanga haujaisha. Katikati, muziki ukipumua kidogo, muimbaji anatupa jina la mutu, na yule mutu, popote alipo, akilisikia anajua ametajwa. Matajiri wanalipenda sana jambo hilo. Eliya na Saidi wakasema libanga la wimbo wa kwanza liwe langu. Nikamutupia bwana yangu. Niliwaza: nyimbo zinafika kule kabla ya barua, ndani ya telefone za mamotari. Atasikia. Atajua kwamba tunamungoja.

Wiki iliyopita, kabla wimbo haujatoka hapa, Eliya alimupa motari mumoja aupeleke machimboni. Tunamuita Kasuku, kwa kusema sana. Leo adhuhuri Kasuku amepiga telefone kutoka Wamaza, yuko njiani kurudi. Eliya akaweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Mama Mwamini, umewaua watu kule. Wanaume wamesimama, huyu anasema Baba Mwamini ni mimi, yule anasema ni mimi. Mumoja hana hata mutoto."

Tukacheka sana. Akaendelea kwamba kulikuwa na mwingine, huyo hana kelele, alikuwa anaosha muchanga wake pembeni. Ndiye aliyeomba wimbo urudiwe. Alikuwa anapiga ngoma ku karai na kidole kisichokunjika, kimenyooka kama musumari.

Niliacha kucheka.

Kidole hicho nakijua. Kilivunjika akiwa mutoto, kikapona kimenyooka. Akila ugali, kinabaki peke yake kinaonyesha ukuta, na mimi nilikuwa namuchokoza kwamba kinaniita niongeze mboga.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, huyo Baba Mwamini iko na bahati, iko na mutu wa kumungojea. Akarudia kazi yake. Kwani unamujua?"

Kabla sijajibu, mutandao ukakatika. Tumejaribu tena na tena mpaka sasa. Haipatikani.

Kwanza sikuelewa. Ni bwana yangu, nilimutaja, amesikia, na hakujua? Halafu Mwamini akanivuta sikio toka mugongoni, na nikaelewa yote kwa pamoja.

Kwetu mwanamuke hataji jina la bwana yake. Kabla sijazaa nilikuwa namuita "sikia" tu. Sikia, maji ya kuoga iko tayari. Sikia, mama anakuita. Siku ya saba, tulipomupa mutoto jina, ndipo nikapata namna nzuri ya kumuita: Baba Mwamini. Nimemuita hivyo kwa majirani, sokoni, mu dua zangu, mpaka nikasahau kwamba yeye mwenyewe hajawahi kulisikia. Jina la mutoto ni la jirani aliyenishika mukono siku ya uchungu. Angelijua wapi? Nilimuita kwa heshima yote, kwa jina ambalo halijui.

Na sauti? Eliya aliipitisha mu mashine, ikatoka kama mutu anaimba ndani ya bomba la bati. Mimi mwenyewe niliisifu. Nilijiona nyota. Bwana yangu alikuwa ananisikia kila siku nikiimba na kutwanga sombe, majani ya muhogo, akanisikia mu wimbo na hakunijua.

Amemuonea wivu mutu ambaye ni yeye.

Kuna swali lingine, nalizunguka tu kama shimo mu njia. Yuko hai, mamotari wanapita, mbona hakutuma neno? Pengine ni haya ya mikono mitupu. Pengine anadhani hangojewi tena. Pengine ni jambo ambalo sitaki kuliandika. Sijui. Najua tu kwamba aliomba urudiwe.

Nilipowaeleza, Eliya alikosa raha kuliko mimi. Alisema Kasuku akifika atatengeneza pikipiki na kurudi kule, na sisi tutamupa wimbo mwingine ndani ya huu huu: mwanzoni, kabla ya ngoma, sauti yangu peke yake, bila mashine. "Lakini dada, safari hii umutaje kwa jina lake," alisema. "Lile alilopewa na mama yake."

Nimerudi nyumbani na mvua. Mama mukwe alikuwa anachambua muchele. Nilimuambia yote, mpaka kidole. Aliacha ungo magotini, akafuta uso na ncha ya kitenge. Nilingojea aniambie kwamba wimbo ni aibu tosha, sasa nataka na jina.

"Jina hilo nilimupa mimi," akasema. "Nakuazima. Utanirudishia akifika."

Halafu akashika tena muchele wake.

Tangu magharibi najaribu. Nimemuweka Mwamini mapajani, nafungua kinywa, na ulimi unageuka wenyewe: Baba Mwamini. Najaribu tena, inatoka "sikia." Mutoto anacheka, anadhani ni muchezo. Mama mukwe ananisikia toka kule jikoni.

Kinywa kimekataa. Basi nianze na vidole.

Ramazani.

Ramazani, mutoto wako anaitwa Mwamini. Baba Mwamini ni wewe.

Nimeangalia herufi hizo mpaka macho yakachoka. Mvua bado. Jua likitoka kesho batri zitajaa, na Eliya atanipa kipaza sauti kitupu, bila mashine ya kujifichia. Je, nitaweza?