Kwa Élysée Wetu, Aliyeacha Nafasi ya Vidole Viwili

Ni mwaka mzima sasa, Élysée, mjukuu wangu, tangu homa ikutoe mikononi mwetu hapa Kasongo. Machozi nimeyafuta. Hasira bado iko.

Ulikuwa seremala wa mikono ya taratibu. Misumari iliyopinda uliinyoosha juu ya jiwe, na iliyoanguka uliiokota yote kabla ya kwenda kula, maana, ulisema, watoto wa huku hawana viatu. Dada yako Emilienne, anayechechemea, ulimchongea kigoda cha kuufaa mguu wake. Sombe yangu, majani ya muhogo niliyoyatwanga, uliila mikono ikinuka mbao. Nami bibi yako ulinitania: "Mke wangu, nipe ule uzi wako wa kushonea mikeka." Nikakujibu: "Leta kwanza mbuzi wa mahari kwa baba yangu, wewe bwana usiye na hata kuku!" Ukacheka, ukauchukua.

Uzi huo ndio uliokwenda nao Kabambare, kwa mfanyabiashara Jean-Baptiste, aliyekuita ufungue ukuta aweke mlango wa garaji. Ulisimamisha mbao nene huku na huku, ukalaza boriti juu yake, ukavuta uzi kutoka pembe hadi pembe ili tundu lisikae upande. Na kila upande ukaacha nafasi ya vidole viwili. Uliporudi ukanieleza polepole, unavyonijua: "Bibi, sisi huku tumezoea tundu kwanza, mlango baadaye; seremala anaupunguza hapo hapo. Huu unatoka Bukavu uko tayari, na kadre yake, fremu ya chuma. Chuma hakipigwi randa. Lazima kipate pa kupumulia."

Mlango ulichelewa kwenye matope ya barabara. Wewe hukuungoja.

Na pale kwenye matanga yako, udongo wa kaburi haujakauka, Jean-Baptiste akasimama mbele ya watu wote, akasema: "Kijana alikuwa muzuri, Mungu amupokee. Lakini ameniachia tundu la kupitisha tembo. Kipimo alikosea."

Watu wakacheka! Kwenye matanga! Mama yako Véronique akainamisha kichwa. Mimi nilimwacha akae, maana mgeni wa matanga hafukuzwi. Tangu hapo mdogo wako Ruphin, mliyefanya naye kazi moja, kila akiomba kazi anaulizwa: "Si ni nyinyi wa tundu la tembo?"

Na huyo bwana alifanya nini? Aliiziba nafasi yako kwa vipande vya matofali na simenti. Mlango ulipofika, kadre ikakataa kuingia. Akauegemeza ukutani, mvua ikaunyeshea, naye akazidi kukulaumu wewe, uliye kaburini!

Mwezi uliopita Ruphin alipanda pikipiki akaenda, akayabomoa yale matofali, akaziacha mbao zako kama ulivyoziacha. Kadre ikaingia, ikatulia. Mlango sasa unafunguka kwa mkono mmoja. Jean-Baptiste akamvuta Ruphin nyuma ya garaji, akamwambia kwa sauti ya chini: "Kaka yako alipima vizuri. Lakini tuyaache, ni mambo ya zamani."

Ya zamani! Akuchafue mbele ya watu, akusafishe nyuma ya ukuta? Hapana. Mimi ni mvumilivu, kila mtu anajua. Lakini kungoja nimeshangoja.

Jumapili, baada ya misa, tutakaa tena uani kwetu kukukumbuka. Jean-Baptiste tumemwita. Kiti chake kitakuwa mbele, pale pale aliposimama siku ile. Akija akasema yale aliyomnong'oneza Ruphin, atakula sombe pamoja nasi. Asipokuja, kiti hakuna atakayekikalia, na watu wakione.

Tunaokukumbuka: mimi bibi yako Victorine, mama yako Véronique, ndugu zako Ruphin na Emilienne.

Siku zote uko nasi, bwana wangu mdogo. Uzi nimeutundika mahali pake. Hakuna anayeugusa ila Ruphin.