Kaburi la Mama Ndilo Kipimo

Barabara ya Quarry 14,
Millbrake, Connecticut.
Oktoba 19

Mpendwa Dada Winifred,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi iliyotuwahi mwaka huu. Je, goti lako limepata nafuu? Na Shemeji Clifton, bado anapiga reki ile changarawe ya jangwani anayoiita bustani? Sisi hatujambo, ila mgongo wangu unanikumbusha umri.

Habari kubwa ni kazi yangu ya kutunza nyasi za makaburini. Bwawa la chini ya kilima liliota ukoga wa kijani kiangazi chote, na kamati ya mji ikasema ni mbolea yangu inayoteremka na mvua. Nisipoipunguza, kazi anapewa mwingine. Unajua mimi humwaga kama Baba: magunia ishirini, wiki ya pili ya Oktoba, liwalo na liwe. Nilikasirika, nisikufiche.

Binti yangu Odette, anayesoma kilimo, akaja na chombo cha ukubwa wa tochi. Unakielekeza kwenye nyasi, kinatoa namba. Zikizidi kuwa kijani, namba inapanda. Nyasi zilizoshiba hazihitaji mbolea, ukiziongezea inaishia bwawani.

“Sasa nionyeshe mahali palipokula mbolea mpaka pakashiba, nilinganishe,” akasema.

“Hapa hakuna upendeleo. Wafu wote wanakula sahani moja.”

Tukapima mstari kwa mstari. Namba hazikupishana sana, mpaka tulipofika kwenye kaburi la Mama. Hapo namba ikazidi zote.

“Sahani moja, eh? Baba! Mbona Bibi anakula sufuria nzima?”

Niliona haya, Dada. Miaka kumi na moja sasa, kila Oktoba, namwongezea Mama mkebe mmoja kwa mkono wangu. Sikuwahi kumwambia mtu.

Basi kaburi lake likawa kipimo chetu. Palipokaribia namba yake tukapaacha. Kumbe mteremko wa langoni tu ndio uliokuwa na njaa, na magunia manne yakatosha. Kamati imeniachia kazi mwaka mmoja, huku wakiliangalia bwawa.

Jana nilikwenda kwa Mama na mkebe wangu, mazoea yana tabu. Nikakumbuka kwamba ameshiba. Nikaurudisha garini, nikawa sijui mikono niipeleke wapi. Mwishowe nikakaa kwenye nyasi, nikamsomea barua yako ya Agosti yote. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kukaa pale.

Nisalimie Shemeji, na mpwa wangu Wendell na mkewe Marguerite. Mungu akupe goti la kukufikisha huku kiangazi kijacho, uje nawe ukae na Mama.

Ndugu yako akupendaye,
Thaddeus