Wadudu wa Chumba cha Nyuma

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili asubuhi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Goti linaendeleaje, na daktari bado anakukataza ngazi? Sisi huku wazima. Dada yako ndiye mzima kutuzidi wote. Sauti yake pekee inatosha kuamsha mtaa.

Najua mama alikupigia simu ili umshawishi Chiriku wako arudi ofisini. Ni kweli bosi wangu wa zamani ameniita, na alinipa hadi kesho nimjibu. Ndiyo maana nimewahi kukuandikia, kabla hujaanza kunipa somo.

Siku hizi nafundisha kwa mtandao watu wanaoandika programu za kompyuta. Sina mwajiri. Masomo natunga mwenyewe, na wanafunzi wananilipa moja kwa moja. Wengi wana kazi zao, ila wakikwama wanaona haya kuuliza ofisini. Kwangu wanauliza hata mambo ya chekechea. Mwanzoni nilikuwa kama naongea na ukuta, lakini sasa darasa la asubuhi limejaa na watu wanaomba la jioni.

Kilichonikera ni mama. Mimi nimejifungia huku naongea mpaka sauti inakauka, yeye jirani akimuuliza habari zangu anasema, "Anapumzika kwanza." Neno hilo liliniuma sana, Mama Mdogo.

Sasa sikia kioja. Kosa lililojificha ndani ya programu sisi tunaliita mdudu. Basi mama kule jikoni akawa ananisikia: "Huyu mdudu ukimfukuza hapa anatokea kule." Mara, "Wako wengi, tuwatafute mmoja mmoja." Akavumilia weee, akachoka.

Jumatano niko katikati ya somo, mlango ukafunguka. Mama kajifunga kitambaa puani, mkononi ana dawa ya kupuliza. Akapuliza chini ya meza, nyuma ya kabati, mpaka ndani ya viatu vyangu. Mimi nakohoa, wanafunzi wote wanamwona. "Chumba kina wadudu hivi na wewe umekaa kimya?"

Darasa zima likavunjika mbavu. Mmoja akamwamkia, akamweleza kwamba wadudu wako kwenye programu zao, na mwalimu anawafundisha kuwasaka. Mama akasogea kwenye skrini. "Nyinyi watu wazima wote mnamsikiliza huyu?" Mwanamke mmoja akamjibu, "Mama, kazini walishaanza kunikatia tamaa. Sasa mimi ndiye ninayeulizwa." Mama akatoka na kufunga mlango taratibu, jambo ambalo wewe na mimi hatujawahi kumwona akilifanya.

Hatukulizungumza tena. Jana nilikuwa nafundisha, simu yangu nimeizima, bosi akaamua kumpigia mama. Nikamsikia koridoni: "Hapatikani. Mwalimu yuko darasani." Akaongeza: "Na huko kwenu harudi. Kama mna wadudu, njooni mjiandikishe."

Nilisahau nilichokuwa nafundisha. Machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi, nikasingizia ile dawa.

Nisalimie Baba Mdogo na wale mapacha wako watundu. Mungu akupe nafuu ya goti na akuzidishie vicheko.

Wako akupendaye,
Chiriku